Usafi Wetu Unaishia kwa Geti

Leo sina video, niko na maneno tu, kwa hivyo jimwagie chai ukae.

Naanza na kitu ambacho kitaudhi watu wawili watatu. Sisi watu wa Kisii ni wasafi sana, na mji wetu ni mchafu. Usiniambie hayo mambo mawili hayawezi kukaa pamoja. Tembea kwa ploti yoyote Mwembe ama Jogoo siku ya Ijumaa jioni, kabla jua lizame na Sabato iingie. Nyumba zimepigwa deki mpaka kwa mlango. Viatu vya watoto vimepigwa rangi vikapangwa kama wanajeshi. Sufuria zinang'aa. Kamba za nguo zimejaa mashati meupe, meupe kweli. Halafu toka nje ya geti, hatua kumi tu. Utapata gunia la taka limepasuka, pampasi tatu, maganda ya ndizi, chupa za soda na mbwa mmoja ameshiba.

Hiyo taka haikutoka Nairobi. Ilitoka kwa hizo nyumba zinazong'aa.

Kwa hivyo mimi sikubaliani na watu wanaosema shida yetu ni tabia, ati Wakenya hawajui usafi. Tunajua. Shida ni kwamba usafi wetu unaishia kwa geti. Kitu kikishatoka kwa boma langu, si changu tena. Na nikiangalia vizuri naona mafunzo hayo tunapewa na watu wawili tunaowaheshimu sana hapa Gusii: mhubiri na mwanasiasa. Nitafika kwao wote. Tulia kwanza.

Tuanze na mto. Kama unaishi mjini unajua Nyakomisaro, hata kama hujui jina lake. Ni ule mto mdogo unaopita katikati ya mji, ule ambao watu wakivuka wanaangalia upande mwingine. Mvua ikinyesha hapa, na nyinyi mnajua vile mvua ya Kisii hunyesha karibu kila alasiri, kila kitu kilichokuwa kwa mtaro kinateremka huko. Tunasema mvua imesafisha mji. Hapana. Mvua imehamisha tu.

Imehamisha kwenda wapi? Nyakomisaro inaingia Riana. Riana inaenda kukutana na Gucha, mto ambao unaanzia kwa vilima vya Nyamira. Wajaluo wanauita Kuja, na ukishapita Migori unamwaga maji yake Ziwa Victoria, huko Nyatike. Kwa hivyo chupa uliyoangusha karibu na stendi ya matatu iko na safari ndefu kuliko wewe. Itapita kwa watu wanaofua, kwa ng'ombe wanaokunywa, kwa watoto wanaoogelea, na samaki tutakayekuja kununua hapa mjini ametoka kwa ziwa hilo hilo.

Kwangu hii si jiografia ya shule. Magokoro wangu anaishi huko chini, upande wa Riana. Maji ya kunywa anachota kwa chemichemi, lakini ya kufua na ya ng'ombe anatoa mtoni. Mwaka jana nilimpata ameketi kwa jiwe anatoa vitu kwa maji na fimbo kabla achote. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anafanya tu, kama mtu anayetoa mawe kwa maharagwe. Nikamuuliza amekuwa akifanya hivyo tangu lini. Akaniambia, "Tangu mji ukue." Halafu akaongeza, "Nyinyi wa mjini mnakula vizuri siku hizi, naona karatasi zenu."

Hilo neno lilinikaa. Yeye anajua tunakula nini. Sisi hatujui anakunywesha ng'ombe wake nini.

Sasa wacha niwaambie vile taka ya ploti yetu inafika kwake. Kila mwezi tunalipa kodi, na juu ya kodi kuna pesa kidogo ya taka. Mwenye ploti anaikusanya, na kuna mzee mwenye mkokoteni anakuja kubeba. Siku moja nilikuwa natoka njia moja na yeye, nikamwona anakata kona, anateremka, anamwaga pale kwa mteremko juu ya mto.

Nikamwambia, "Tata, si hapa ni mtoni?"

Hakukimbia wala kunitusi. Aliegemea mkokoteni akapumua. "Mwanangu, dampo ni mbali na mlima unauona. Mimi nalipwa kwa gunia. Wewe ulikuwa unafikiria zinaenda wapi?"

Hilo ndilo swali nataka kila mtu anayesoma hapa ajiulize, kwa sababu hakuna mtu kwa ploti yetu aliyekuwa amewahi kuuliza. Tulikuwa tunalipa isionekane. Na haikuonekana. Huduma tuliyonunua tulipata. Yule mzee ndiye alikuwa wa mwisho kwa laini, na ndiye tungemlaumu, lakini yeye anafanya kile kila mtu mbele yake amefanya: kusukuma taka hatua moja mbele, ikuwe ya mtu mwingine.

Na pampasi ni stori yake. Wengi wanafikiria mama anayetupa pampasi mtoni ni mvivu. Hebu ongea na wao. Wengi watakwambia wameambiwa kwamba ukichoma pampasi, mtoto atatoka vidonda ama atapata homa. Nimesikia kwa majirani, nimesikia kwa salon, nimesikia kwa mashangazi. Sasa weka hapo ploti yenye vyumba ishirini na choo kimoja cha shimo ambacho mwenye ploti amekataza kutupa pampasi kwa sababu kitajaa. Huwezi kuchoma, huwezi kutupa kwa choo, shamba la kuchimba shimo hauna. Mto ndio unabaki. Na hiyo kitu iko na plastiki nje na unga wa kunyonya maji ndani, haiozi leo wala kesho. Itakaa huko mpaka mtoto aliyeivaa awe babu, na bado itakuwa hapo.

Sikatai kwamba hiyo imani ya vidonda haina msingi. Haina. Lakini ukitaka kuipinga, lazima umpe mama mahali pa kupeleka pampasi. Kumcheka tu hakusafishi mto.

Hapo ndipo nafika kwa mambo ya dini, na naomba usifunge simu.

Gusii ni nchi ya kanisa. Waadventista wako Nyanchwa na Wakatoliki wako Nyabururu kwa zaidi ya miaka 100. Kuna Walutheri, Wapentekoste wa kila aina, na kuna Waislamu wa Nubia ambao wamekuwa sehemu ya huu mji kitambo. Hakuna chama, hakuna kampuni, hakuna serikali inayoweza kukusanya watu wa hapa kila wiki, wakae kimya wasikize, kama dini. Na kwa miaka yote nimekaa kwa benchi za kanisa nimesikia usafi ukihubiriwa sana: usafi wa moyo, usafi wa mwili, usafi wa mavazi, usiguse pombe, usiguse sigara, nyama hii usile. Mwili ni hekalu. Nakubali. Lakini sijawahi kusikia mahubiri hata moja kuhusu mahali ambapo sahani za plastiki za harusi zinaenda baada ya harusi.

Na si ati Biblia imenyamaza. Fungua Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 12 hadi 14. Wana wa Israeli wanaambiwa wawe na mahali nje ya kambi pa kwenda haja, wabebe kitu cha kuchimbia, wachimbe, wafukie. Na sababu inayotolewa si ati majirani watalalamika. Sababu ni kwamba Mungu anatembea katikati ya kambi, asione uchafu akageuka akawaacha. Soma tena. Hiyo ni sheria ya choo, na imewekwa kama jambo la ibada! Waislamu nao wanafundishwa na Mtume kwamba kuondoa kitu kinachodhuru njiani ni sadaka. Papa Francis mwaka 2015 aliandika waraka mzima, Laudato Si', kuhusu kutunza dunia. Kwa hivyo mafundisho yako. Ni sisi tumechagua yale yanayoishia kwa ngozi ya mtu.

Kuna wale wataniambia, "Lakini Yesu anarudi, dunia hii inapita." Sawa. Hata wewe ukihama ploti mwisho wa mwezi, unafagia chumba kabla urudishe funguo. Si ndio? Na kuna magokoro wangu, ambaye pia anangoja Yesu, lakini akiwa anangoja anahitaji maji.

Wengine watasema kazi za usafi za vijana huwa zinawekwa Jumamosi, na hiyo ni Sabato, kwa hivyo wengi wetu hatuwezi kufika. Ni ukweli, na wanaopanga wanakosea kusahau hilo wakiwa Kisii. Lakini angalia Rwanda. Huko Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, nchi nzima inatoka kufanya kazi ya jamii. Waadventista wa huko wakapewa nafasi ya kufanya yao Jumapili. Shida ikaisha. Hakuna aliyevunja Sabato na mtaro ukazibuliwa. Hapa tukitaka, makanisa ya Sabato yachukue Jumapili, ya Jumapili yachukue Jumamosi, na mji utapata siku mbili za usafi. Hiyo hata haihitaji bajeti.

Lakini sitaki tudanganyane na mifagio. Ukifagia ukajaza magunia mia moja, swali la yule mzee wa mkokoteni linarudi: zinaenda wapi? Na hilo ni swali la siasa.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inasema kuzoa taka, madampo na kutupa taka ngumu ni kazi ya kaunti. Hakuna kubahatisha hapo. Si kazi ya mwenye ploti, si kazi ya kikundi cha vijana wenye fulana za kijani, si kazi ya mhisani. Kaunti inakusanya ushuru kwa kila mama anayeuza nyanya Daraja Mbili. Siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, hakuna anayepita bila risiti. Risiti inakuja mapema asubuhi. Gari la taka ndilo halina haraka.

Ukitaka kuona hii kitu wazi kabisa nenda Keroka. Mji uko kwa mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo mbili zimevutana kwa miaka kuhusu nani ana haki ya kukusanya ushuru wa soko. Watu wamegombana, wakubwa wamefanya mikutano. Sasa niambie, mmewahi kusikia kaunti mbili zinapigania haki ya kuzoa taka? Ati Kisii inasema "hilo rundo ni letu" na Nyamira inasema "hapana, mpaka unapita hapa, ni letu"? Siku nikisikia hivyo nitanunulia kila mtu soda, ya chupa ya kioo.

Na sisi vijana tusijitoe. Juni 2024 tulikuwa barabarani, Kisii pia, kupinga Mswada wa Fedha. Ndani ya ule mswada kulikuwa na ushuru wa mazingira ambao ungeongeza bei ya vitu kama pampasi, betri, tairi na plastiki. Tuliukataa, na mpaka leo nasema tulikuwa na haki, kwa sababu mama wa pampasi angelipa zaidi na hakuna mtu alituonyesha hiyo pesa ingejenga dampo gani, wapi, lini. Tarehe 26 Juni rais akaondoa mswada wote. Kuna watu walikufa ndio tufike hapo. Siwezi kuzungumzia hiyo siku kama mchezo.

Lakini swali ambalo ule ushuru ulijifanya unajibu halikuondoka na mswada. Nani alipe kusafisha? Kama si mama anayenunua, basi nani? Jibu liko kwa sheria ambayo wengi wetu hatujasoma. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema kampuni inayoleta bidhaa sokoni iwajibike kwa taka inayotokana nayo. Inasema pia taka itenganishwe, inayooza kando na isiyooza. Na inazipa kaunti kazi ya kuweka mahali pa kuichambua. Hiyo ni sheria tayari. Haihitaji maandamano ipitishwe. Inahitaji watu wa kuuliza iko wapi.

Na msiniambie Wakenya hatuwezi kubadilika. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017 kila kitu kilifungwa kwa karatasi ya plastiki. Nyama, sukari, hata chai ya moto. Serikali ikapiga marufuku, faini kutoka milioni 2 hadi milioni 4 ama jela, na kwa miezi michache watu wakaanza kubeba kikapu kama zamani. Kuna zinazopenya bado, najua, mama mboga wako anazo chini ya meza. Lakini linganisha miti ya wakati ule, ilivyokuwa imevaa mifuko, na ya leo. Kitu kilibadilika kwa sababu sheria haikuishia kwa anayetupa, ilienda mpaka kwa anayetengeneza na anayeuza.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo linaniuma kama mtoto wa mkulima. Simama Daraja Mbili jioni ya Alhamisi, angalia rundo. Nyingi si plastiki. Ni maganda ya ndizi, mikungu, majani ya kabichi, chinsaga iliyonyauka, avokado zilizooza. Hiyo ilikuwa udongo wa Nyaribari, Bobasi, Kitutu, Borabu. Mashamba yetu yamegawanywa mpaka mengine ni ya kupanda sukuma tu, na kila mwaka tunapanga foleni tukingoja mbolea ya gunia. Halafu chakula cha udongo tunakirundika na chupa na pampasi, mpaka hakifai tena kwa chochote, kinaoza kinateremka mtoni. Kama sokoni kungekuwa na mapipa mawili tu, moja la kuoza na moja la kutooza, na lori moja la kupeleka la kwanza kwa wakulima, rundo lingepungua na mbolea ingepatikana. Magokoro hufanya hivyo nyuma ya jikoni yake bila semina yoyote.

Kwa hivyo naomba nini? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji uwe na wafuasi.

Kwa ploti: muulize mwenye ploti, kwa heshima lakini mbele ya watu, pesa ya taka inalipa taka iende wapi. Uliza jina la mahali. Mkiuliza nyumba kumi, atatafuta jibu.

Kwa kanisa ama msikiti: kama uko kwa kamati ya vijana, omba mahubiri moja tu kuhusu mto. Kumbukumbu la Torati 23 nimekupea bure. Halafu harusi inayofuata, pendekeza sahani za kuosha. Wamama wa kanisa wako nazo, zimejaa stoo.

Kwa kaunti: wakiita maoni ya wananchi kuhusu bajeti, nenda. Najua inachosha, najua ukumbi hujaa wazee na MCA anaongea saa nzima. Nenda tu uulize maswali mawili: mwaka huu pesa ya taka ni ngapi, na mapipa ya kutenganisha yatawekwa soko gani. Wakikuzungusha, kumbuka Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila hata kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Hii si ndoto. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliosumbuliwa na sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, walienda kortini wakiongozwa na Phyllis Omido. Mwaka 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3. Hukumu ikapingwa, wakaendelea, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama na wao. Walikuwa watu wa mtaa wa mabati. Hawakuwa na lolote zaidi yetu ila kutochoka.

Mtaniambia hapo chini nimechanganya dini na siasa na takataka. Nimechanganya, ndio. Pale kwa mto pia zimechanganyika: karatasi ya mkutano wa kampeni, sahani ya harusi ya kanisa na pampasi ya mtoto wa jirani, zote zinateremka pamoja.

Niandikieni: taka ya ploti yenu inaenda wapi? Sitaki "inabebwa." Nataka jina la mahali. Nitaweka majibu yote pamoja wiki ijayo, mtaa kwa mtaa, na hiyo orodha nitaenda nayo kwa kikao cha bajeti. Nani anakuja?